Jicho Lako Litangulie Pua Yake

Ndugu zangu, kabla hatujaingia njiani na mbwa wetu, naomba kila mmoja wenu autazame mkono wake ulioshika kamba ya mbwa. Usirekebishe chochote. Utazame ulivyo sasa hivi.

Nawaona wawili hapa mbele wameizungusha kamba mara tatu kwenye kiganja. Mama yule pale ameipitisha katikati ya vidole. Kijana aliyeegemea mti ameifunga kiunoni ili mikono ibaki huru. Siwalaumu, karibu sote tulianza hivyo. Lakini fikirini mbwa wa kilo 30 anachomoka ghafla kumfuata paka. Kamba iliyozungushwa haiachii, kwa hiyo kidole kinateguka, au bega, au unaanguka kifudifudi na kuburutwa. Pitisheni kidole gumba kwenye kitanzi, mfumbe ngumi juu yake, kisha mkono wa pili ushike kamba mbele kidogo, usawa wa nyonga. Hivyo. Mkono wa nyuma ni wa kuzuia, wa mbele ni wa kuzungumza na mbwa. Na mkivutwa kuelekea barabarani, ngumi ifunguke. Mbwa aliyetoroka anatafutwa.

Nimeanza na mkono kwa sababu ni jambo dogo linaloamuliwa mapema, na matembezi salama yote ni mambo madogo yaliyoamuliwa mapema. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100. Sisi tuna kama milioni 5 au 6. Kwa pua hatumwezi. Anajua nani amepita hapa tangu alfajiri. Asichokijua ni kwamba bwawa lina sumu, kwamba mtoto yule anayekuja ana hofu, kwamba mfupa ule kichakani utampasua utumbo. Hayo unayajua wewe. Ndiyo maana neno langu leo ni moja: jicho lako litangulie pua yake. Ukiona kitu kabla yeye hajakinusa, una nafasi ya kuchagua. Akikinusa kwanza, unabaki kufuata matokeo.

Nilijifunza hili kwa Tausi. Alikuwa jike wa rangi ya kahawia, mwepesi wa miguu, na kwa miaka miwili nilimfungulia kamba kila tulipofika ukingo wa msitu. Alikuwa anarudi. Nikimwita mara moja tu, huyo kaja. Nikaamini kwamba kurudi kwake ni tabia yake, kama rangi ya manyoya yake. Asubuhi moja alisimama ghafla mbele yangu, mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, mkia umenyooka, masikio yote yameelekea upande mmoja. Alikaa hivyo kwa muda wa pumzi mbili. Mimi nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu. Sungura akafyatuka, Tausi naye akafyatuka, na niliponyanyua uso niliona majani tu yakitikisika.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Nilimpata baada ya saa tatu, chini ya korongo, akiwa amenaswa na mtego wa waya. Hakuwa anabweka. Waya ulikuwa umezama kwenye mguu wa nyuma mpaka hauonekani, manyoya yameufunika kama vile hakuna kitu, na kadiri alivyovuta ndivyo ulivyokaza. Alipoiona sura yangu, alitikisa ncha ya mkia, ncha tu. Alipona, ingawa mguu ule haukurudi kama zamani, na mpaka alipokufa kwa uzee alikuwa akiuinua kidogo kila akisimama. Zile pumzi mbili ndizo ninazozikumbuka. Alinipa taarifa kamili kwa mwili wake wote, na sikuwa nikitazama.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mbwa afunguliwe au asifunguliwe, jibu langu halina kigugumizi: penye wanyama wa porini, penye barabara karibu, na penye watu msiowajua, kamba ibaki. Kamba ya kawaida ya mita moja na nusu hadi mbili inatosha kwa bustani za jiji. Zile kamba za kujikunja zenyewe ndani ya kasha, zinazofyatuka mpaka mita tano au nane, mimi sizipendi kwenye njia yenye watu. Uzi wake ni mwembamba, unakata ngozi ya mguu wa mpita njia, na mbwa anajifunza kwamba akivuta anapata nafasi zaidi. Mkitaka kumpa uhuru nyikani, tumieni kamba ndefu ya mita 10, ila ifungwe kwenye mkanda wa kifuani. Msiifunge kwenye ukosi wa shingo, kwa sababu mbwa aliyekimbia mita 10 akasimamishwa kwa shingo anaweza kuumia koo na uti wa mgongo.

Hapo hapo mnamfundisha kuja akiitwa. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hata mbwa mzima hujifunza. Kanuni ni moja na watu wengi huivunja: msimwite mbwa ili mmwadhibu. Amechafua, amekimbia, amewatoa jasho, sasa amerudi, halafu mnampiga. Yeye haelewi kwamba anapigwa kwa kukimbia. Anaelewa kwamba kurudi kunauma. Akirudi, hata kama mna hasira ya kupasuka, mpeni kitonge na sauti nzuri. Na mwiteni mara nyingi bila sababu yoyote, kisha mwacheni aendelee kucheza, ili wito usiwe ishara ya kwamba raha imekwisha.

Sasa tuje kwa watu.

Bustani ya jiji si yetu peke yetu. Yumo aliyeng'atwa utotoni, yumo ambaye imani yake inamtaka asiguswe na mate ya mbwa, yumo mzee ambaye akisukumwa kidogo tu atavunjika nyonga. Hakuna hata mmoja kati yao anayetakiwa kujieleza kwenu. Naomba tuliache lile neno tunalolitupa tukiwa mita 20 nyuma: "Usiogope, hang'ati!" Nimelitumia sana. Siku moja bibi mmoja alinijibu akitetemeka, mgongo wake umebana kwenye shina la mti, "Mwanangu, huyo ni wako, mimi simjui." Tangu siku hiyo, nikimwona mtu ameshtuka, ninafupisha kamba, ninamhamishia mbwa upande wa pili wa mwili wangu, na mimi ndiye ninayekaa katikati. Ninasogea pembeni ya njia na kumketisha mbwa mpaka mtu apite. Ni jambo la nusu dakika.

Watoto nao wafundisheni kuomba kwanza, na msisite kuwaambia hapana. Mtoto hupenda kumkumbatia mbwa shingoni na kumsogezea uso. Kwa mbwa, kukumbatiwa na mgeni ni kubanwa. Kabla hajanguruma huwa ameshasema mara nyingi: amegeuza uso pembeni, amejilamba pua, amepiga miayo bila usingizi, amebana mdomo, weupe wa jicho umeonekana pembeni. Msimwadhibu mbwa kwa kunguruma, tafadhali. Mngurumo ni onyo lake la mwisho kabla ya meno, na mkimnyang'anya onyo hilo mtakuwa na mbwa anayeng'ata kimya kimya. Na kutikisa mkia si lazima iwe furaha. Mkia ulioinuliwa juu, mgumu, unaotetemeka haraka haraka ni mkia wa mbwa aliyepanda mori.

Mbwa wawili wakikutana uso kwa uso kwenye njia nyembamba, kamba zote mbili zimekazwa kama nyuzi za zeze, hapo ndipo ugomvi huanza. Mbwa wenye adabu wakiwa huru huzunguka nusu duara na kunusana ubavuni. Kwa hiyo tupiteni kwa kupinda, kamba ilegee, salamu iwe ya sekunde tatu kisha twende. Kama mwenzenu anawaambia mbwa wake hataki, muaminini. Na wakishikana kweli, msiingize mikono penye meno. Wamwagieni maji, au wenye mbwa wote wawili kwa wakati mmoja washike miguu ya nyuma juu ya goti na kurudi nyuma kwa kupinda, wakimtenganisha kila mmoja na mwenzake. Kumpiga fimbo mbwa anayepigana kunamwongezea tu hasira.

Aking'atwa mtu, hapa sitaki mtu aone haya wala azunguke. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, na karibu asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu maambukizo yote kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini kati ya kung'atwa na dalili kwa kawaida kuna wiki au miezi, na dirisha hilo ndilo linalookoa. Louis Pasteur alilitumia Julai 1885 alipomchanja mtoto Joseph Meister, mwenye miaka 9, aliyekuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Leo tunajua zaidi. Kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa, si kwa kukisia, halafu mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Hata kama ni mkwaruzo. Hata kama mbwa ni wako na unampenda. Ninyi wenye mbwa, toeni kadi ya chanjo bila kuombwa. Na asiye na kadi asitoke na mbwa mpaka ameichukua.

Wenye watoto wa mbwa, nawaona mmewabeba mikononi na nawashukuru. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, hukaa ardhini kwa miezi mingi, vinastahimili jua na mvua, na mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo zake hatakiwi kukanyaga mahali wanapopita mbwa wengi. Mpaka daktari wa mifugo aseme ndiyo, mbebeni. Aione dunia akiwa kifuani penu: baiskeli, kelele, mwavuli unaofunguka. Hiyo nayo ni kinga, ya woga.

Kuhusu joto nitakaa kidogo, maana huua haraka kuliko watu wanavyodhani. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kutweta, ulimi nje. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Wenye pua fupi kama bulldog na pug wana njia nyembamba ya hewa, kwa hiyo kutweta kwenyewe kunawachosha. Wekeni mgongo wa mkono juu ya lami na mhesabu mpaka saba. Mkishindwa kuuacha pale, nyayo zake nazo zitaungua. Tembeeni alfajiri au jioni. Mkiona ulimi umetanuka na kuwa mwekundu sana, mate yananata, miguu inayumba, simameni. Kivuli, maji ya kawaida mwili mzima, upepo wa kofia au kitambaa, na mwendelee hivyo hivyo. Watu humbeba mbwa mbio kwa daktari akiwa bado anawaka. Mpozeni kwanza, safari ifuate. Wala msimfunike taulo lililolowa mkaliacha juu yake, kwani linapata joto na kulihifadhi.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Bwawa lililotulia, lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, linaweza kuwa na sianobakteria, vile viumbe vinavyoitwa mwani wa buluu-kijani, na sumu yake huweza kumuua mbwa ndani ya saa chache. Hata akiogelea tu ataimeza anapojilamba. Dimbwi lenye mikojo ya panya linaweza kuwa na vijidudu vya homa ya mgunda, na hiyo mbwa huweza kuileta kwa watu wa nyumbani. Uchafu wa kuokotwa nao vivyo hivyo: mifupa iliyopikwa huvunjika kama vigae, na chambo chenye sumu ya panya mara nyingi hakionyeshi kitu siku ya kwanza. Damu huacha kuganda kimya kimya, na dalili huja siku kadhaa baadaye. Ukijua amemeza, usisubiri umwone anaumwa.

Tukitoka bustanini tukaingia porini, mambo yanageuka. Kule sisi ndio wageni.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Australia, Peter Banks na Jessica Bryant, walichapisha matokeo ya jambo rahisi sana: walipitisha watu kwenye njia za misitu ya kando ya jiji la Sydney, wengine peke yao, wengine na mbwa aliyefungwa kamba, kisha wakahesabu ndege. Pale mbwa alipopita, aina za ndege zilipungua kwa asilimia 35 na idadi ya ndege kwa asilimia 41. Mtu peke yake aliwashtua pia, lakini kwa chini ya nusu ya hapo. Na mbwa wale walikuwa kwenye kamba, hawakumgusa ndege yeyote. Ndege anayeatamia chini kwenye majani haoni kamba. Anaona mnyama mla nyama, ananyanyuka, na mayai yanapoa. Ndiyo maana pahali pakiandikwa mbwa haruhusiwi, mimi sibishani na bango. Na panaporuhusiwa tunakaa katikati ya njia, hasa msimu wa kutaga na kuzaa.

Lipo na lingine zito zaidi. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kudondoka wakitetemeka misuli. Virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, viliua simba wapatao 1,000, yaani takriban theluthi moja ya simba wote wa eneo lile, na mbwa wa kufugwa wanaoishi kuzunguka hifadhi ndio walioonekana kuwa chanzo. Simba hakuhitaji kung'atwa na mbwa yeyote. Chanjo ya mbwa wako inawalinda viumbe ambao hamtakutana nao kamwe, na kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mbwa wa kawaida.

Wanyama wakubwa wana hatari ya aina yake. Mbwa humbwekea mnyama, mnyama anakasirika na kumkimbiza, na mbwa aliyetishwa hukimbilia wapi? Kwako. Anakuletea shari mpaka miguuni. Kwa nyoka, mbwa huponzwa na pua yake ile ile: huinamisha kichwa kunusa, na huumwa usoni au mguu wa mbele. Kaeni kwenye njia iliyo wazi, msimruhusu kufukua mashimo na magogo. Akiumwa, mtulizeni, mbebeni asitembee, mwende kwa daktari. Msikate, msinyonye, msifunge kamba juu ya jeraha. Miiba ya nungunungu pia msiikate wala msiichomoe wenyewe porini, kwani inavunjikia ndani.

Kinyesi mtakiokota, bustanini na porini. Mayai ya minyoo kwenye kinyesi kibichi bado hayajawa tayari kuambukiza. Yanahitaji wiki mbili hivi au zaidi ardhini. Baada ya hapo yanaweza kukaa udongoni kwa miaka, na mtoto anayechezea udongo huo anaweza kuyameza, na minyoo ikafika hadi machoni. Ukiokota leo umelimaliza leo.

Na mkirudi nyumbani, kabla hamjavua viatu, pigeni magoti. Njoo, mwanangu, niazime mbwa wako niwaonyeshe. Naanza sikioni, ndani ya mkunjo huu. Kisha chini ya ukosi. Makwapani. Katikati ya vidole, kila kidole, napanua hivi. Tumboni penye manyoya machache, kisha chini ya mkia. Hapa, mnamwona? Kupe, mdogo kama mbegu ya ufuta. Simwagii mafuta, simchomi kwa kiberiti, kwa sababu akisumbuliwa anaweza kutapika ndani ya jeraha. Nachukua kibano, namshika karibu kabisa na ngozi, pale mdomo ulipozama, na navuta moja kwa moja, taratibu, bila kupindisha. Ametoka mzima. Sasa nasafisha kwa dawa, nanawa mikono. Mbwa ameona raha, anadhani ni mapenzi tu, na kwa kweli ni mapenzi.

Haya. Kamba mkononi kama tulivyoonyeshana, simu mifukoni. Wenye mbwa waoga watangulie ili wasisukumwe kwa nyuma, wenye watoto wa mbwa mbaki pamoja nami, na tuachiane hatua tano tano. Yule mzee anayekuja na fimbo kule mbele, mmeshamwona? Tumpishe kwanza.